Unaenda kwenye shindano la maswali la TV? Nisikilize mimi Kagera

Wiki iliyopita binti mmoja wa Magu kanitumia ujumbe WhatsApp: “Shikamoo dada Kagera. Nimepita usaili wa lile shindano la maswali la kwenye TV, tunaenda kurekodi mwezi ujao. Naomba unishauri nisome nini.”

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Nimefurahi kweli. Ila ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara zote jicho linakwama kwenye hilo jina. Kwa hiyo hadi Magu limefika.

Kwa wasiojua: sijazaliwa Kagera, sina ndugu Kagera, na Bukoba nimefika mara moja tu, tena kwenye msiba. Mimi ni wa Igoma, Mwanza hapahapa, na nina steshenari Malimbe, njia ya kwenda chuo. Jina nimepewa na wateja baada ya kipindi kurushwa, na huu ni mwaka wa pili. Hata kijana anayeniletea rimu za karatasi ananiandikia risiti “Kagera Steshenari”. Nilikanusha nikachoka, siku hizi nasaini tu.

Sasa, usome nini. Ngoja kwanza nikwambie nilivyosoma mimi.

Chuo sijaenda, niliishia kidato cha nne. Lakini miaka tisa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi, na ile mashine yangu ya kwanza ilikuwa mbovu, inavuta karatasi mbilimbili, kwa hiyo kila ukurasa ilibidi niuweke kwa mkono, nifunike, nibonyeze, nisubiri. Katika kusubiri ndipo nikaanza kusoma. Notsi za sheria, notsi za uandishi wa habari, mitihani ya zamani, risala za harusi, hata barua za talaka. Nikajua Speke alifika Mwanza Agosti 1858. Nikajua ziwa letu lina karibu kilometa za mraba 68,800, lakini kina chake, hata penye kina kirefu kabisa, ni kama mita 80 tu na ushee, kwamba ni sinia kuliko sufuria. Nikajua sangara si mwenyeji, alipandikizwa miaka ya 1950, akawamaliza furu wengi. Haya yote hakuna aliyenifundisha, nimeyaokota kwenye mwanga wa mashine. Kasoro yake ni moja: foleni ikiwa ndefu nasoma mistari ya juu tu, ukurasa unageuzwa. Hiyo kasoro ikumbuke.

Jioni nilikuwa nawasha TV dukani, wanafunzi wanajaa, na swali likiulizwa natoa jibu kabla mshiriki hajafungua mdomo. Wakawa wananiambia, “Dada, nenda, unapoteza bahati.” Ukiambiwa hivyo kila siku mwishowe unaamini. Nikatuma jina, nikapigiwa, nikapita usaili. Safari ya Dar siisimulii, wote tunaijua: Nyegezi alfajiri, kuku Singida, usingizi Dodoma, na Morogoro unashtuka miguu imevimba.

Studio ndiyo nisimulie, maana hii hamtaambiwa na mtu. Tuliitwa saa mbili asubuhi, nikakalishwa kitini saa kumi na moja jioni. Chakula hakuna, maji kidogo. Blauzi yangu niliyoshonesha kwa ajili ya siku ile, ya mistari myembamba ya bluu na nyeupe, ikakataliwa mlangoni, eti mistari inacheza kwenye kamera. Na ni kweli, inacheza, nimekuja kuona baadaye kwa mwenzangu mmoja kwenye skrini, kama nguo ina wadudu. Lakini kwa nini hawakusema kwenye simu? Nikaazimwa blauzi ya kijani ya binti wa mapokezi, imenibana kwapani. Kwa hiyo mdogo wangu: vaa nguo ya rangi moja, na beba ya pili.

Halafu kiti. Kile kiti ukikiona nyumbani unadhani ni cha kifalme. Ni kirefu, na mimi ni mfupi. Miguu haifiki chini wala hakuna pa kuiegemeza. Swali la pili kiatu cha kulia kikavuka kikaanguka, kikatoa mlio kwenye maikrofoni, mtangazaji akacheka, hadhira ikacheka. Toka hapo nikawa nimekunja vidole vya mguu wa kushoto ili na cha pili kisifuate. Maswali yote yaliyobaki nimeyajibu nikiwa nimekunja vidole. Vaa viatu vya kufunga.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Azimio la Arusha, 1967. Kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, Ukerewe. Kisha likaja la MV Bukoba, ilizama mwaka gani. Nikasema 1996. Mtangazaji akapaza sauti, “Safi kabisa!”, muziki ukapigwa, watu wakapiga makofi. Nilijikuta nimeinamisha kichwa. Mwanza hii kila mtaa una mtu aliyekwenda kupokea mwili mwezi ule wa Mei. Makofi ya nini? Simlaumu yeye, ameandikiwa, lakini sijawahi kulisahau.

Tufike kwenye jambo lenyewe.

Kwenye shindano letu unapewa misaada mitatu: kupunguziwa majibu mawili, kuuliza hadhira, na kumpigia simu mtu wako. Huu mtindo ulianzia Uingereza, mwaka 1998, kwenye Who Wants to Be a Millionaire, na sisi wengine huku tumerithi tu. Kwenye fomu unaandika namba za watu watatu wa kupigiwa. Nikaandika mhadhiri mmoja mteja wangu, nikaandika mwalimu wa sekondari ninayesali naye, na wa tatu nikakosa. Nikaandika shemeji yangu, mume wa dada yangu, mvuvi wa dagaa huko Ukerewe. Darasa la saba. Niliandika ili nafasi isibaki wazi, basi.

Siku hiyo mratibu akaja akasema mhadhiri hapatikani, mwalimu yuko kwenye kikao, aliyepokea ni mmoja tu, shemeji. Nikasema sawa, nikijua moyoni simpigii.

Na kulikuwa na ujinga mwingine juu ya huo. Nilikuwa nimeangalia mara nyingi video ya Mmarekani mmoja, John Carpenter, wa mwaka 1999. Alifika swali la mwisho, la dola milioni moja, hajagusa msaada hata mmoja. Swali lilikuwa rais gani wa Marekani aliwahi kutokea kwenye kipindi cha vichekesho. Akaomba kumpigia baba yake. Baba kapokea, naye akamwambia msaada siuhitaji, nimepiga kukujulisha kwamba nakwenda kushinda. Kisha akajibu, Nixon, akashinda. Ile video nimeiangalia mpaka bando likaisha. Nami nikapanga yangu: nitaitunza simu hadi mwisho, nitampigia shemeji kwa mbwembwe, nimsalimie kwa Kikerewe mbele ya taifa zima. Simu ya kujivunia, siyo ya kuuliza.

Swali la saba. Likaandikwa: Ziwa Victoria hupata sehemu kubwa zaidi ya maji yake kutoka wapi? Herufi A, Mto Kagera.

Sikuendelea. Nakuapia sikusoma B, C wala D. Nikaona kabisa ule ukurasa, notsi za jiografia, mwandiko wa kulalia kushoto, mstari wa juu: mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria ni Kagera. Nikasema Kagera. Mtangazaji, Mungu amjalie, akanitazama. “Una misaada yote mitatu, dada. Simu ipo.” Nikatabasamu. Nikasema, naomba nimnukuu huyo mwanamke wa siku ile maana simfahamu: “Mimi natoka ziwani, kaka. Ziwa hili nalijua.”

Jibu ni mvua. Mvua inayonyesha palepale juu ya ziwa. Takriban asilimia 80 ya maji yote yanayoingia. Kagera na Mara na mito yote ukiijumlisha ndiyo hiyo iliyobaki.

Nilishuka kitini kwa kuruka, kiatu mkononi.

Usiku nikiwa lojini shemeji akapiga mwenyewe. Alikuwa ameshika simu toka asubuhi, amepanda kilimani penye mtandao, ameacha nyavu. “Shemeji, wameuliza nini?” Nikamwambia. Hakufikiri hata kidogo. “Si mvua hiyo? Kwani 2020 umesahau?” Akanikumbusha: mvua zilizoanza mwishoni mwa 2019 hazikukatika, na kufika Mei 2020 ziwa lilipanda likavuka hata kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wanakihesabu kuwa cha mwisho. Mwalo wao ulizama, vichanja vya kuanikia dagaa vikawa vinaonekana ncha. “Kagera ilikuwa ileile, shemeji. Kilichoongezeka ni mvua.” Halafu akanyamaza, akauliza polepole kama mtu anayeogopa jibu: “Walikukatalia kunipigia?”

Nikasema ndiyo. Walinikatalia.

Hilo nilikuwa sijamwambia mtu hadi leo naandika hapa.

Miezi kama mitatu baadaye, kijana akaleta notsi zilezile kutoa kopi. Mwandiko uleule wa kulalia. Safari hii nikasoma mpaka chini, foleni ikiwa mlangoni. Mstari wa nne: hata hivyo, maji mengi ya ziwa hutokana na mvua. Mstari wa nne tu, jamani.

Kwa hiyo ukiniuliza usome nini, nakwambia soma swali. Soma mpaka nukta, kisha soma majibu yote manne, hata kama la kwanza limekukonyeza. Swali usilolijua halina shida, utatafuta msaada. Linalokuangusha ni lile unalolijua nusu. Na kwenye raundi ya kitufe usikurupuke pia. Kule Marekani kwenye Jeopardy! ukibonyeza kabla swali halijaisha kusomwa kitufe chako kinafungwa robo sekunde, mwenzio anakupita. Ken Jennings, aliyeshinda mara 74 mfululizo mwaka 2004, alijua kusubiri na kubonyeza kwa wakati wake. Huku kwetu hawakufungii, wanakuacha ujiumize mwenyewe.

Na misaada itumie. Narudia, itumie. Hairudi nyumbani na wewe. Hakuna anayekupa cheti kwa kubakiza. Vijana wa siku hizi mna tabia hii, na sisemi mashindanoni tu: mtu anaumwa haulizi, anapotea njia haulizi, anasaini mkataba wa mkopo hajui riba, kwa sababu kuuliza kutamwonyesha hajui. Anayejua yuko hapo pembeni kanuka dagaa, tunampita kwenda kumtafuta mwenye tai. Mdharau mwiba guu huota tende, na langu liliota mbele ya kamera tatu. Najua nahubiri. Nimelipia haki ya kuhubiri: nauli kwenda na kurudi, na ile laki mbili niliyopata ilichukua miezi minne kuingia kwenye simu, baada ya mimi kupiga mpaka wakaacha kupokea.

Shemeji nilimwendea Pasaka iliyopita, na kilo tano za sukari. Sikumwambia ukweli. Tulikaa barazani, dada anachambua dagaa, yeye akawa ananiuliza maswali ya kipindi, ananitega, na akikosea mwenyewe anacheka hadi anakohoa. Ana kichwa yule mtu.

Umeniambia fomu yako ina majina mawili na la tatu huna. Nitakutumia namba yake, nimeshamwomba ruhusa na amefurahi kupita kiasi. Ila angalia kitu kimoja: usiku wa giza yuko ziwani na taa zake, hapatikani mpaka asubuhi, na asubuhi amelala. Wakati wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo hawaendi. Nimetazama kalenda ya tarehe yenu ya kurekodi. Mwezi utakuwa mpevu. Atakuwa nyumbani.