Zamu za Mfalme Alfred: Barua kwa Binti Yangu

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza: "Baba, mtu anaweza kuifanya kazi yake kwa moyo wote na bado akabaki na maisha yake?" Unauliza ukiwa umetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee huko Winchester, Uingereza, na simu imeshaita ikikuomba uzibe pengo la kesho.

Anaweza. Na shahidi wangu anasimama mji huohuo unaoishi. Ile sanamu ya shaba uliyonitumia picha yake, ya mtu aliyeinua upanga, iliyosimamishwa mwaka 1901, ni ya Mfalme Alfred wa Wessex, ufalme wa kale wa kusini mwa Uingereza. Nimefundisha historia hadi nikastaafu, na katika wafalme wa zama zile huyu ndiye nimpendaye zaidi, kwa sababu alijali muda wa watu waliomtumikia.

Alitawala kuanzia 871 hadi alipofariki 899, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa akipambana na Waviking, wavamizi waliotoka ng'ambo ya bahari, kaskazini mwa Ulaya. Asser, mtawa kutoka Wales aliyeandika maisha yake, anaeleza kwamba watumishi wa mfalme waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilihudumu ikulu mwezi mzima, usiku na mchana. Mwezi ukiisha, linapokewa na kundi jingine, lenyewe linakwenda nyumbani miezi miwili kushughulikia mambo yake. Jeshi nalo aligawa nusu kwa nusu: hawa vitani, wale nyumbani, mbali na waliolinda ngome. Mwanangu, adui alikuwa ndani ya nchi, na bado mfalme aliona shamba la askari lina haki ya kumwona mwenyewe.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama, sikufichi. Mwaka 893 kikosi kimoja kilikuwa kimewazingira Waviking katika kisiwa cha mto Colne. Zamu ikaisha, chakula nacho kikaisha, wakaondoka wakati mfalme bado yuko njiani na kikosi kingine. Najua hapa ndipo hofu yako ilipo: nikiondoka mimi, wazee hawa watabaki na nani? Lakini mimi siwezi kumlaumu askari aliyemaliza zamu yake. Kuhakikisha anayepokea anafika kwa wakati ni kazi ya anayepanga zamu, na mahali pako pa kazi yupo mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Tena huyo Asser mwenyewe, alipoitwa na mfalme, hakuitikia papo hapo. Alisema si haki kuwaacha waliomlea. Akaomba nafasi ya kushauriana na watu wake, na mpango ukawa miezi sita kwa mfalme, miezi sita Wales. Safari ya kwanza alikaa ikulu miezi minane, kwa hiyo hata ukishakubaliana na mkubwa, mpaka wako unahitaji kuusimamia.

Alfred alijipimia na muda wake pia. Alitaka nusu ya utumishi wake, mchana na usiku, iwe ya Mungu, na saa hakuwa nayo. Akaagiza mishumaa sita iliyolingana uzito, kila mmoja ukiwaka saa nne, sita hiyo ikitimiza siku nzima. Upepo uliopenya kuta na mahema ukaifanya iungue upesi, hesabu ikaharibika. Ndipo ikatengenezwa fanusi ya mbao na pembe ya ng'ombe iliyokwanguliwa hadi ikapitisha mwanga. Na haya aliyafanya mtu mgonjwa: maumivu yalimwanza wakati wa harusi yake mwaka 868, yakamsumbua miaka mingi. Naamini ndiyo maana alijua mwili wa mtu una kikomo.

Wewe mgongo unakuuma tangu Desemba, na huendi kuuonyesha kwa sababu siku ya mapumziko unaiuza. Nakuomba mwezi ujao usipokee zamu ya ziada hata moja. Ada ya mdogo wako tumeshalipa, na ukuta wa uani unaweza kusubiri. Wakikupigia, sema uko mapumzikoni, inatosha. Kamuone daktari, kisha Jumapili utupigie ukiwa umelala vya kutosha. Mama yako anataka kukuona sura.

Akupendaye,
Baba