Mke wangu anamkwepa baba yangu

Ndugu yangu, nimekuelewa: baba yako, mzee wa Tanga, ameudhika kwa kuwa mkeo, Mnyakyusa kutoka Tukuyu, hamwamkii, na kila mzee anapoingia sebuleni yeye hutoka nje kwa mlango wa jikoni. Kabla hujamgombeza, fahamu kwamba katika mila ya Kinyakyusa mke hujitenga na baba wa mumewe, hata jina lake halitamki, na huko kujificha ndiko kumheshimu. Pwani, ambako kunyima shikamoo hakusameheki, kitendo hicho hicho huonekana dharau.

Anza na mzee, faraghani, kwa kuwa mwenye kinyongo ndiye anayestahili kuelezwa kwanza. Kisha muulize mkeo anachoweza kulegeza: pengine ataamkia akiwa nyuma ya pazia, na chakula kitapelekwa na mtoto. Usimlazimishe kukaa naye mkekani, maana hilo, kwa maoni yangu, litaharibu zaidi. Mkikwama, mwiteni shangazi wa mkeo.

Kubalianeni mapema nani atamhudumia mzee akiugua wakati yeye na mkeo wako wawili tu nyumbani. Matusi au vitisho vikianza, msivifiche. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii.