Jibu: "Under the weather" haihusu baridi ya Mufindi

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini bosi wenu mgeni hapo kwenye shamba la chai aliandika yuko "under the weather" siku ambayo jua lilikuwa linawaka Mufindi nzima. Hakusema habari za hali ya hewa. Alimaanisha hajisikii vizuri: mafua, kichwa kinauma, mwili mzito. Ni kwa maradhi madogo tu. Mtu aliyelazwa na malaria kali usimsemee hivyo, utaonekana unaleta mzaha. Ungemjibu "get well soon", inatosha.

Ile semi ya pili ya Kiingereza uliyouliza, "once in a blue moon", ni mara chache mno, adimu kama maziwa ya kuku. Mwezi wenyewe haugeuki bluu. Siku hizi jina hilo hupewa mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, na hutokea kama kila miaka 2 na nusu. Kwa hiyo ukishuka Iringa mjini kila Jumamosi, usiitumie!

Zote ni za maongezi na ujumbe wa simu. Kwenye barua ya kuomba kazi mimi nisingeziweka.