Mume Wako Hakunyimi Ploti, Anamkumbuka Mwanawe

*Shangazi, nina miaka 12 katika ndoa na watoto wawili. Tumemaliza kulipia ploti huku Kiamunyi, tumejenga na tumehamia. Tulipofika kwa wakili kushughulikia hatimiliki, mume wangu akasema kila mmoja aandikiwe fungu lake, nusu kwa nusu. Mimi nataka iwe yetu sote bila mafungu, mmoja akifa imbakie mwenzake. Amekataa katakata. Mama yake ndiye anayemtia maneno kwa ajili ya huyo kijana wa marehemu. Nilimwambia kama haniamini basi turudishiane pete. Tangu siku hiyo hanisemeshi, anakoroga chai mpaka inapoa. Je, huyu ananipenda kweli?*
*Mama Wawili, Nakuru*

Mama Wawili, pole. Nyumba iliyonuna hailaliki. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ilikuwa kurasa nne, hapo juu nimeifupisha tu. Katika kurasa hizo umenitajia rangi ya mabati na bei ya vigae vya jikoni. Yule kijana amepata maneno matatu: "kijana wa marehemu". Jina hana. Ilibidi nifike ukurasa wa tatu ndipo nijue kwamba ni mwana wa mumeo na marehemu mkewe, kwamba uliolewa kijana huyo akiwa na miaka 5, na kwamba malipo ya kwanza ya ploti yalitokana na ng'ombe wawili walioachwa na mama yake. Jambo hilo umelipitia mbio, kama mtu anayevuka barabara ya Nairobi pale mjini.

Sasa sikiliza sheria inavyosema, maana nadhani wakili alieleza ukiwa tayari umekasirika. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 91, inatambua njia mbili za kumiliki pamoja. Kwa ile unayoitaka wewe, hakuna mwenye fungu lake. Mmoja akifa, haki yake inamwangukia aliyebaki, wala haiingii kwenye mirathi. Hata wosia hauigusi. Njia hiyo siku hizi ni ya mume na mke. Wengine wakiitaka sharti mahakama iwaruhusu. Kwa njia ya pili kila mmoja ana fungu lake, linaandikwa kwenye usajili, na akifa fungu hilo linakwenda kwa warithi wake.

Kwa hiyo mzee akitangulia chini ya mpango wako, ploti yote ni yako. Kijana aliyepoteza mama akiwa mdogo anasubiri huruma yako, na wewe jina lake limekushinda kuandika. Mume wako ameliona hilo. Mama mkwe wako ameliona pia, na hapo simlaumu hata kidogo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na bibi ni mzazi mara mbili.

Halafu kuna jambo ambalo hukulifikiria kabisa: ukitangulia wewe? Umeandika kana kwamba kifo kimekuahidi kumchukua yeye kwanza. Ukifa wewe, ploti yote ni yake. Ni mwanamume wa makamo, ataoa. Huyo mke mpya naye atataka waandikwe vilevile unavyotaka wewe leo, bila mafungu. Mzee akikufuata kaburini, nyumba uliyohesabu vigae vyake inakuwa ya mwanamke ambaye hukuwahi kumwona, na wanao wawili wanabaki "watoto wa marehemu" kwenye barua ya mtu mwingine. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Fungu ambalo mumeo anataka uandikiwe ndilo litakalowafikia wanao.

Hofu yako naijua, usidhani siijui. Huku kwetu nimeona mjane akifungiwa mlango turubai la matanga halijashushwa. Lakini wewe jina lako litakuwa kwenye hatimiliki. Mwenye fungu hawezi kumuuzia mtu wa nje bila idhini ya mwenzake kwa maandishi, ingawa na wewe huwezi kuinyima bila sababu ya maana. Mkiwa bado kwenye ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haimruhusu kuuza nyumba mnamoishi bila ridhaa yako. Akifa bila wosia, mjane ana haki ya kutumia mali ya marehemu kabla watoto hawajagawana.

Na hiyo nusu usiidharau. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba ndoa ikivunjika, nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mmoja anathibitisha mchango wake, iwe pesa au malezi na kazi za nyumbani. Wewe unapewa nusu mezani, na hakuna aliyekuuliza risiti.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Mtu akitaja wosia anaambiwa anajitabiria kifo, akitaja mtoto wa kwanza anaambiwa hampendi mke. Pete inavuliwa kwa sababu ya karatasi ya ardhi. Wazee wetu walimwonyesha kila mtoto wa kiume mpaka wake, mti kwa mti, wangali hai, na hakuna mke aliyeuliza kama anapendwa.

Anakupenda. Asiyekupenda angejiandikisha peke yake, akuache uhangaike mahakamani kudai haki yako. Leo jioni mpashie hiyo chai, umwombe radhi kwa lile neno la pete. Wiki hii rudini kwa wakili, mhakikishe mafungu yameandikwa wazi, kisha kila mmoja aandike wosia wake.

Na ukiniandikia tena, nitajie jina la huyo kijana.

Shangazi