Jibu: Mdoli anayefanana na kichanga kwa binti wa miaka miwili

Salama, mama mwenzangu. Umeuliza kama umpe binti yako yule mdoli aliyetumwa na shangazi yake kutoka Uingereza, maana anafanana mno na kichanga na bibi hataki hata kumwona.

Kabla ya bibi, soma boksi. Midoli mingi ya aina hii, inayoitwa reborn, hutengenezwa kwa watu wazima wanaoikusanya, si ya kuchezea. Kisha kagua mdomo wake. Chuchu bandia yake mara nyingi hushikiliwa na sumaku, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote: mtoto akimeza sumaku mbili, zinaweza kuvutana tumboni na kutoboa utumbo. Uzito wake nao mara nyingi hutokana na punje za kioo au plastiki zilizojazwa kwenye kiwiliwili cha kitambaa. Mshono ukiachia, zitaishia mdomoni.

Wangu nilimnunulia mdoli wa kawaida, mwili laini, macho ya kuchorwa. Anambeba mgongoni kwa kipande cha khanga, anamlisha uji wa kujifanya, anamfokea akikataa kulala. Hajakosa kitu.

Bibi naye msikilize. Mama mkwe wangu alisema mdoli wa namna hiyo, macho yamefumba, humkumbusha mtoto aliyemzika. Nilimwelewa. Kwa hiyo muulize taratibu, faragha.

Huyo wa Uingereza mweke juu ya kabati mpaka binti akue, na wifi yako mwambie ukweli kuhusu sumaku. Hatakasirika.