Viazi vya tabaka kwa tui: maswali na majibu

Kipimo cha majibu yote ni hiki: viazi mviringo kilo 1, tui la pili kikombe kimoja na nusu, kasimile (tui zito la kwanza) kikombe 1, chumvi kijiko cha chai kimoja na robo, vitunguu saumu punje 2, pilipili manga kidogo. Bakuli la kuokea liwe la sentimita 20 kwa 25 hivi.

Shikamooni. Tui langu hukatika, mafuta yanaelea juu na chini kunabaki machicha machicha. Nakosea wapi? (Chumbageni, Tanga)

Marahaba. Umemimina kasimile mapema, na moto ulikuwa mkali. Tui likitokota kwa nguvu, protini zake hugandana na kuyaachia mafuta. Anza na tui la pili: lichemshe na chumvi na kitunguu saumu, tia viazi vilivyokatwa, koroga taratibu kwa dakika 8. Utaona tui linaanza kuvuta kwenye mwiko. Huo ni wanga wa viazi, na ndio utakaolishika tui lisikatike. Panga kwenye bakuli vipande vikilaliana kama vigae, mimina tui lililobaki, funika kwa foili, oka nyuzi 180 kwa dakika 35. Hapo ndipo kasimile inapoingia. Rudisha bila kufunika dakika 20 hadi 25, juu pawe na rangi ya hudhurungi.

Ukishajua hilo, utaelewa kwa nini hatuoshi viazi baada ya kuvikata. Vioshe vikiwa vizima, vimenye, kisha vikate moja kwa moja ndani ya tui. Ukiviloweka, wanga wa juu ya vipande unakwenda na maji.

Nimeoka saa nzima na viazi bado vigumu. Nilitia ndimu ili visiwe vyeusi. (Makorora)

Ndimu ndiyo iliyokuponza. Uchachu huzuia kiazi kulainika, hata ukioka hadi magharibi. Nyanya na ukwaju nao ni vivyo hivyo. Ikamulie mezani. Jingine ni unene: milimita 3, yaani kipande kinachopinda kidogo kabla ya kuvunjika. Kimoja kikiwa kinene na kingine chembamba, hiki kinapondeka na kile bado kinalia meno.

Sina oveni. (Pongwe)

Palia, kama unavyopalia wali. Sufuria nzito yenye mfuniko bapa. Chini makaa machache yaliyoshika majivu, juu ya mfuniko mara mbili ya hayo. Dakika 40 bila kufunua, kisha mimina kasimile, ongeza makaa ya juu, punguza ya chini. Harufu ya kuungua ikitoka, ni ya chini: epua, acha ya juu yamalizie.

Viazi gani ninunue sokoni? (Ngamiani)

Vile vinavyoshuka kutoka Lushoto vinafaa sana. Chagua vya ukubwa mmoja, vigumu, ngozi isiyokunjamana. Chenye ukijani kiache. Ukijani huo huandamana na sumu inayotia uchungu, na kupika hakuiondoi. Usivihifadhi kwenye friji: baridi hugeuza wanga kuwa sukari, navyo huwa vyeusi upesi kwenye moto.

Nitakataje vipande safi vya kuandalia wageni? Vyangu humwagika kwenye sahani. (Raskazone)

Kosa lako ni kuvikata vikiwa vya moto. Kwa chakula cha nyumbani, viache dakika 20 vitulie. Kwa wageni, oka jana yake: vikipoa weka foili juu, kandamiza kwa kitu kizito kama pakiti mbili za sukari, weka kwenye friji usiku kucha. (Hapa friji haina neno, viazi vimeshaiva.) Asubuhi kata miraba ya sentimita 5 kwa kisu kilichochovywa maji ya moto, pasha kwenye trei nyuzi 200 kwa dakika 15. Tabaka zitaonekana moja moja ubavuni.

Na usiviandae na samaki wa kupaka, tui juu ya tui linakinaisha. Changu wa kukaanga na kachumbari yenye ndimu, basi.