Mimi nilijibu kila kitu

Swali la wiki la gazeti lenu, "Mzazi amsaidieje mtoto mwenye shahada ya uzamili anayekaa nyumbani bila kazi?", limenikuta kwenye mizani ya viazi hapa Uyole, Mbeya, nikamwacha mteja anangoja. Ninaye wa aina hiyo. Binti, miaka 31, amesomea mambo ya udongo kule Chuo Kikuu cha Sokoine hadi uzamili. Nitajibu, ila linalonisumbua mimi ni jingine: mzazi anyamaze wapi?

Najua wengi watawaandikia kwamba ajiajiri. Wanaonishauri mimi hivyo wote wana mshahara. Binti anajituma. Aliniambia shamba langu lina tindikali, nitie chokaa ya kilimo kwanza kabla ya kuhangaika na mbolea, na nilipomsikiliza viazi vilinona. Majirani wakaanza kumwita, anawapimia udongo, wanamshukuru kwa mkungu wa ndizi. Deni la bodi ya mikopo halilipwi kwa ndizi.

Sasa niseme la Novemba 2023. Kuna bwana mmoja mwenye cheo katika ofisi fulani hapa mjini, zamani alikuwa mwanafunzi wa marehemu mume wangu, na ugali wangu ameula sana. Nikasema huyu ndiye mlango. Nikanunua mchele wa Kyela kilo 20, ule wenyewe unaonukia, nikavaa kitenge cha harusi, nikamwambia binti achukue bahasha yake ya vyeti twende. Hakutaka. Nikamwambia aache kiburi.

Tulifika saa mbili asubuhi. Mlinzi akasema mchele ubaki getini. Tukakaa kwenye benchi la koridoni hadi saa saba, watu wanatupita, kila anayepita namwamkia kana kwamba nagombea udiwani. Tulipoingia, yule bwana akasimama kwa heshima. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hujambo?" Akamgeukia binti. "Umesomea nini, dada?" Nikajibu mimi. "Una uzoefu wa miaka mingapi?" Nikajibu mimi, na mwaka mmoja nikauongeza. "Kompyuta vipi?" Nikasema anaijua sana, mimi ambaye simu yangu nawashiwa na mjukuu! Binti alikuwa anatazama kalenda ukutani. Bahasha ilipokelewa, ikawekwa mezani, na juu yake ikawekwa chupa ya chai. Niliona alama ya duara la maji inavyotanda kwenye kaki. Akasema kwa elimu hiyo labda ataona kazi zao ni ndogo, atawakimbia. Kisha: "Tutakupigia."

Getini nikauliza mchele. Mlinzi akasema ameshauweka kwenye gari la bosi.

Kwenye daladala hatukuongea mpaka kituo cha Mafiati. Pale, kondakta akiwa anadai nauli, binti akasema taratibu, "Mama, umesahau kumwambia jina langu."

Kweli. Nilikuwa nimesema "huyu mwanangu" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Simu haikupigwa, na hata wangetaka kupiga sijui wangemuulizia nani.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kusema mzazi atoe nauli, afunge mdomo. Ndivyo nilivyofanya baadaye. Usaili wa serikali ameuendea Dodoma mara mbili, kwa basi la alfajiri kupitia Iringa na Mtera, na tangazo linasema wazi kila msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi. Hapo mama ana kazi, na kazi yenyewe ni kuuza magunia. Mara ya kwanza mchujo wa kuandika ulimwangusha. Mara ya pili alifika mahojiano, akajibu mwenyewe, tunasubiri.

Lakini nikiendelea kuandika naona sijasema ukweli wote. Vyeti vyake vilikuwa na jina la babu, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jina la baba, na majina yakitofautiana hivyo huwezi kuingia kwenye usaili bila hati ya kisheria ya kuyathibitisha. Kosa lilikuwa langu. Wakati wa kumwandikisha shule mimi na baba yake tulikuwa hatusemezani, nikaandika la babu kwa hasira. Miaka zaidi ya 20 baadaye nikaenda kwa wakili na binti kulieleza jambo hilo mbele ya mtu nisiyemjua. Ningenyamaza siku ile, asingefika hata mlangoni. Basi kusema nako kuna mahali pake, na sidhani kila mzazi ana fujo kama zangu.

Halafu kuna la juzi. Tulikuwa msibani Tukuyu, wanaume wamekaa upande ule kwenye turubai, nikamwona yule bwana wa mchele. Nilikuwa nimemuahidi binti sitarudia. Nikapita nikiwa na sufuria ya chai, nikamimina, akanishukuru, akauliza habari za nyumbani. Nikamwambia ni nzuri. Nikasimama. Kisha nikamtajia jina la binti yangu, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Sikuongeza neno. Akatoa simu akaandika.

Binti hajui, na gazeti lenu analisoma. Andikeni tu Mama wa Uyole.